Kompyuta ya Baba, Sehemu ya Sita: Zawadi ya Mayala

Tuliachana nikiwa Misungwi, msibani kwa mzee Nkwabi, kipaza sauti kikisoma wasifu wa marehemu niliouchapisha kwa mikono yangu, na jina la Sabina halimo. Tangu hapo mmeniandikia wengi. Msomaji mmoja wa Sengerema ameniita mjinga aliyeusomea ujinga. Kaka, vuta subira, ya leo ndiyo utanitukana vizuri.

Kwa aliyetukuta njiani, nieleze kwa kifupi. Naitwa Selina, nakatisha tiketi za mabasi stendi ya Nyegezi. Baba yangu, mzee Nestory, alikuwa karani wa kinu cha pamba, na tangu astaafu kazi yake ni kuandika wasifu wa marehemu. Ukifiwa Igoma, kabla hujakodi turubai unamtafuta baba. Anachukua wasifu wa zamani wa mtu anayefanana na marehemu wako, anabadilisha majina, kijiji, ugonjwa na watoto. Mwisho anauliza swali lake moja: "Kuna nyumba nyingine?" Maana wanaume wa kwetu mnajijua.

Kompyuta yake ilikuwa ile ya zamani ya chogo, yenye kisogo kikubwa nyuma ya kioo, na ilianza kuzimika ovyo. Mimi na mfuko wangu mwepesi nikamnunulia iliyotumika, na Alhamisi nikahamishia humo kazi zake zote. Ijumaa yeye, kwa kutokuiamini hiyo mpya-kuukuu, akarudi kwenye ile ya chogo akamwongeza Sabina, mke wa pili wa Nkwabi, na watoto wake watatu. Mayala, mtoto mkubwa wa nyumba ya kwanza, ndiye aliyeleta maelezo ya marehemu, na alipoulizwa kama kuna nyumba nyingine alisema hakuna. Baba hakumwamini. Nkwabi alikuwa rafiki yake tangu kinuni, na Sabina alipoolewa, baba alikuwepo ng'ombe zikitolewa. Akampigia simu Sabina mwenyewe, akamwandika.

Jumamosi mimi, bila kujua, nikachapisha ile ya Alhamisi. Baba macho yake yana mtoto wa jicho, hakuweza kuisoma. Nikaipeleka Misungwi mwenyewe, nimevaa na kitenge kizuri.

Sasa sikilizeni.

Jumatatu asubuhi baba aliniuliza huku anakunywa uji.

"Wasifu wa rafiki yangu ulisomwa vizuri?"

"Vizuri, baba."

"Na Sabina? Alilia?"

"Alilia."

Hapo sikudanganya. Alilia hadi wanawake wakambeba. Nilichokificha ni alichokuwa anakililia.

Kwetu wasifu ukishasomwa mbele ya jeneza na hakuna aliyenyoosha mkono, basi umepita. Na nani atanyoosha mkono kubishana jeneza liko wazi? Sabina hana cheti cha ndoa, alichonacho ni ng'ombe waliotolewa miaka hiyo, na wengi walioshuhudia wamekufa. Nyumba anayoishi pale Misungwi iliandikwa jina la Nkwabi. Kila mtu alijua kwamba kikao cha ukoo kitakaa Jumamosi inayofuata, na kwamba watu wa nyumba ya kwanza watasema neno moja tu: wasifu tumeusikia wote.

Nilijua yote hayo, na bado nilimwambia baba vizuri. Presha yake ilikuwa juu, nikajipa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa.

Siku hiyo hiyo alikuja mama mmoja kutoka Nyakato, amefiwa na mume. Baba akakaa mbele ya kompyuta yangu iliyotumika, vidole vikaanza kutembea. Vidole vyake vinajua herufi kuliko macho. Tulikuwa tumefika kwenye watoto, umeme ukakatika. Ukarudi kwa nguvu, ukakatika, ukarudi tena. Kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua na kioo kikawa cheusi.

"Washa ile yangu," baba akasema.

Nikawasha ile ya chogo. Ikanguruma kidogo, ikazima. Nikawasha tena. Haikunguruma hata kidogo.

Yule mama alisubiri kwa heshima. Kisha akaaga kwa heshima, na kupitia dirishani nikamwona akiingia kwa kijana wa steshenari iliyo ng'ambo ya barabara. Baba hakumwona, ila alisikia mlango. Akabaki ameweka mikono juu ya kompyuta iliyokufa.

"Mayu," akaniita. Ndivyo anavyoniita tangu mama afariki, kwa Kisukuma, mama. "Mayu, nimekwisha?"

"Hujaisha, baba. Nitatafuta nyingine."

"Kwa hela ipi? Hii yenyewe umeinunua kwa kujinyima."

 Kesho yake nilizibeba zote mbili hadi kwa fundi Yakobo, mwenye kibanda karibu na soko la Mlango Mmoja. Akazifungua, akazipuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Dada, hii uliyonunua imeungua ubao wote. Ila kazi za mzee zimo salama, naweza kuzitoa nikakuwekea kwenye flashi."

"Na hii ya chogo?"

"Hii ni pawa saplai tu. Ukinunua nyingine itawaka."

Akanitajia bei. Nikamwambia kwamba hata ya kutoa hizo kazi sina.

"Basi niachie hii ya chogo," akasema. "Nitaikatakata nipate vipuri. Tutakuwa hatudaiani."

Msomaji, naomba unisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa hakuna aliyenidanganya wala kunisukuma. Nilijua kilichokuwa mle ndani. Kwenye kompyuta ya chogo ndimo mlimobaki ule wasifu wa kweli, wenye Sabina na watoto wake. Ilihitaji kifaa kimoja tu iwake, wasifu useme.

Nikamwambia Yakobo, chukua.

Na nisijifanye nililia. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilijiambia kwamba sasa hakuna atakayeweza kuzilinganisha zile karatasi mbili, baba hatajua, na mambo yataisha yenyewe. Hofu ikishaingia kichwani mtu unafurahia vitu vya ajabu.

Jumatano mchana baba alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Gari jeupe likasimama mbele ya nyumba yetu, akashuka Mayala amekumbatia boksi.

"Dada Selina, habari za hapa?"

"Nzuri. Pole tena na msiba."

"Tumeshapoa. Mzee yupo?"

"Yuko jumuiya."

"Hata wewe unatosha." Akaliweka boksi juu ya meza ya baba. "Nimesikia mzee amebaki bila mashine. Familia tumeona haiwezekani mtu aliyetuandikia vizuri vile akose chombo cha kazi. Hii ni asante yetu."

Ilikuwa laptop mpya, plastiki haijatolewa. Sikuwahi kugusa kompyuta ambayo hakuna mtu aliyeigusa kabla yangu.

"Kaka Mayala," nikasema, "ule wasifu ulikuwa na makosa."

"Makosa yapi?"

"Sabina hayumo."

Akavuta kiti akakaa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi nilikaa mbele kabisa, sikusikia makosa. Mama hakusikia. Baba mdogo Kija, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, hakusikia. Umati wote ule, wewe peke yako ndiye mwenye masikio?"

"Baba alimwandika."

"Alimwandika wapi? Nionyeshe."

Sikuwa na pa kumwonyesha, na mwenye kosa hilo alikuwa mimi.

"Jumamosi ukoo unakaa," akaendelea. "Hatuwaombi mseme uongo. Hatuwaombi mseme lolote. Kaeni tu hapa kwenu, mzee afanye kazi yake."

"Na nikisema sitaki?"

"Nitarudisha boksi kwenye gari, hakuna ugomvi. Mzee ataendelea kukaa barazani anasikiliza pikipiki zikipita. Wewe ndiye mwanawe, unajua linalomfaa."

Aliniangalia. Nikaangalia boksi.

Nikalipokea. Nimeijaribu sentensi hii kwa namna nyingi ili ionekane kama nililazimishwa, imekataa.

Baba aliporudi, nilikuwa nimeshaiwasha na kuhamishia kazi zake zote kutoka kwenye flashi ya Yakobo. Nilimshika mkono nikamkalisha. Akapapasa vitufe, akapapasa kioo, akarudi kwenye vitufe.

"Hii ni ya nani?"

"Yako."

"Umeiazima?"

"Nimenunua, baba. Kikoba chetu cha stendi kimevunjwa mapema, nimepata mgao wangu."

Uongo huo sikuupanga. Ulitoka wenyewe, umekamilika, kama wasifu wa kunakili. Hakuna kikoba kilichovunjwa. Nilishatolewa kwenye kikoba tangu mwezi wa tatu kwa kushindwa kuweka hisa.

Baba akaanza kulia. Sijamwona baba akilia tangu alipoandika wasifu wa mama. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea kwa Kisukuma, akanitajia na marehemu wote wa ukoo wetu wanibariki. Nilikaa nikabarikiwa. Mwili ulikuwa unaniwasha mahali pote.

Jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua. "Selina amemnunulia baba yake laptop mpya, ya dukani." Mama wa genge alinipa nyanya za bure akasema laiti wanawe wangekuwa kama mimi.

Sasa angalieni dunia ilivyo. Kwa kutaka kumfurahisha zaidi, nilikuza herufi. Kioo cha ile iliyotumika kilikuwa na ukungu na mistari, lakini hiki kilikuwa kinang'aa, na nilipokuza herufi kila moja ikawa kubwa kama kiberiti. Baba akasogeza uso. Akasoma neno moja kwa sauti, kisha mstari mzima.

"Mayu! Naona!"

"Unaona?"

"Naona kabisa! Nifungulie kazi zangu. Zote. Nataka kuzisoma."

Nikacheka pamoja naye. Nikamfungulia, nikaenda jikoni kugeuza ugali. Ndiyo, niliziacha zote pale, na ya Nkwabi ikiwemo. Mtu mwenye akili angeifuta kwanza. Nimeshawaambia mimi ni wa aina gani.

Nilikuwa bado na mwiko mkononi niliposikia kimya. Baba akisoma hunong'ona, na minong'ono ilikuwa imekata.

"Selina."

Hakuniita mayu.

Nikaenda nikasimama mlangoni. Kwenye kioo herufi zilikuwa kubwa hata mimi nilizisoma kutoka pale: MAREHEMU AMEACHA MJANE MMOJA.

"Huu ndio uliosomwa?"

Nilitaka kusema hapana. Kinywa kilikataa.

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya jeneza?"

"Ndiyo."

"Sabina akiwepo, na watoto wake wakiwepo?"

"Ndiyo."

Akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena akasoma tena, kana kwamba maneno yangeona aibu yabadilike.

"Mwanamke amezikiwa mume huku anafukuzwa," akasema. "Na karatasi ni yangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa presha yako."

"Presha yangu?" Akatoa sauti kama anacheka. "Presha yangu ndiyo italala nje na watoto watatu? Kikao ni lini?"

"Jumamosi."

"Tutakwenda. Tutaibeba na ile ya chogo, mle ndani Sabina yumo."

Ikabidi nimwambie kwamba ile ya chogo nilimwachia fundi. Alinituma kesho yake asubuhi na mapema kuirudisha. Nilimkuta Yakobo ameshauza nyaya na vyuma kwa kilo, na kilichobaki kilikuwa kioo kitupu kimegeuzwa kiota cha kuku.

Nilirudi nikamwambia baba.

"Basi limebaki neno langu," akasema. "Ukoo ule wananijua. Sijawahi kumwandikia mtu uongo, hata wale waliotaka niwaandikie digrii. Neno langu litatosha."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia habari ya Mayala. Alikuwa amekaa, mimi nimesimama, nyumba haina mtu mwingine. Nilianza hata.

"Baba, kuhusu kompyuta..."

"Kompyuta imefanya kazi yake," akanikatisha, akaupapasa mfuniko wake taratibu. "Bila hii uliyoninunulia ningekufa sijui nilichomfanyia Sabina. Mungu amekutumia, mayu."

Nitaanzaje tena baada ya hapo? Ninyi mnaosema mngeweza, hongereni.

Jumamosi tulifika Misungwi mapema. Nkwabi alizikwa nyumbani kwake, kaburi liko ubavuni mwa nyumba kubwa, simenti bado haijapakwa chokaa. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka. Mayala alikuwa amekaa karibu na mama yake. Alipotuona tunashuka kwenye bodaboda, uso wake haukubadilika. Aliniangalia mimi, sio baba.

Sabina alikuwa amekaa pembeni peke yake, wanawe watatu wamemzunguka. Amekonda kwa wiki moja tu. Baba akaomba nimfikishe kwake.

"Shikamoo, baba," Sabina akasema, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkeka.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili yako."

"Umechelewa. Ulinipigia simu nikakutajia wanangu wote, na majina ya ubatizo. Nikakushukuru. Halafu nikasikia nilichosikia."

"Nilikuandika, Sabina."

"Ningejua ningekaa kimya kwangu, nisitoe majina ya wanangu yakachezewe."

 Baba akanishika mkono kwa nguvu hadi ukauma.

Mzee Kija, mdogo wake Nkwabi, akafungua kikao. Ni mzee mfupi, msema taratibu, hana makuu. Akasema suala la kwanza ni kama Sabina ni mke au si mke, kwa sababu wasifu wa marehemu ulitaja mjane mmoja na hakuna aliyepinga. Wazee wawili wa upande wa Mayala wakasimama wakasema hivyo hivyo, kama waliofundishwa pamoja. Mmoja akasema Sabina alikuwa "rafiki wa marehemu". Mtoto wake mkubwa, binti wa shule, akainamisha kichwa.

Baba akaomba kusimama.

"Mimi ni Nestory wa Igoma," akasema. "Wasifu ule niliuandika mimi. Nilimwandika Sabina, mke wa pili, na watoto watatu, kila mmoja kwa jina lake. Lakini nyumbani kwangu kulikuwa na mashine mbili, na iliyochapishwa ilikuwa karatasi ambayo sijaimaliza. Kosa ni la nyumba yangu. Si la Sabina wala si la Nkwabi. Na ng'ombe zilipotolewa kwao Sabina, nilikuwepo. Tulizifikisha kwa miguu. Nkwabi alikuwa anapiga mluzi njia nzima."

Kwenye mikeka mwanamke mmoja mzee akasema kwa sauti, "Kweli kabisa, alikuwa anapiga mluzi sana huyo," na watu wakacheka kidogo, cheko la kwanza tangu mazishi. Mzee Kija na yeye akatabasamu.

"Nestory," akasema, "wewe ulimwandikia mama yetu, ukamwandikia na baba yetu. Hatujawahi kukuta jina limepungua. Ukisema Sabina aliandikwa, mimi nakubali aliandikwa. Kuna mwenye neno?"

Sabina aliinua uso. Nilimwona akitazama nyumba yake iliyo ng'ambo ya barabara, mara moja tu, haraka. Nikavuta pumzi. Niliamini tumepona, jamani, niliamini.

Mayala akasimama. Akamwamkia baba kwanza, kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Nauliza tu. Mtu akikosea kazi, mwenye kazi akimletea asante, anaipokea?"

"Hapana. Anasema amekosea."

"Vizuri. Sasa mbona nyumba yako ilipokea asante yetu? Jumatano nimeleta laptop mpya, ya shukrani kwa wasifu ule ule ambao leo unaukataa. Imepokelewa kwa mikono miwili. Leo ndiyo makosa yameonekana? Au kuna mwingine amekuahidi kikubwa zaidi?" Akamtupia jicho Sabina.

Turubai zima likaanza kunong'ona. Baba alikuwa bado amesimama, ameegemea fimbo yake. Nilisubiri uso wake uvunjike. Haukuvunjika. Alicheka.

"Kijana, umepotea njia. Laptop iliyo kwangu ameninunulia binti yangu kwa jasho lake, na Igoma nzima inajua. Sijapokea hata sindano kutoka kwako."

Mzee Kija akainua mkono watu wakanyamaza.

"Shauri limebaki dogo sana," akasema. "Nestory, kama ulipokea kitu kwa Mayala, neno lako sitalisimamia, na Sabina ataondoka pale mwisho wa mwezi. Kama hukupokea, Sabina ni mke wa kaka yangu na habari imekwisha. Binti yuko hapa?"

"Yuko hapa," baba akasema kwa fahari. "Mayu, simama uwaambie."

"Asiseme akiwa hapo," mzee Kija akasema. "Mwenyewe Nkwabi ndiye anayedaiwa mke. Aende akasemee kwake, mkono juu ya kaburi."

Sijui nilitembeaje. Nilipita mbele ya Mayala, akasogeza miguu kunipisha, kama mtu na dada yake. Nilipompita Sabina akaushika upindo wa kitenge changu.

"Dada," akanong'ona, "nilimsema vibaya baba yako. Nisamehe. Wewe sema tu ukweli tuondoke kwenye aibu hii."

Nikafika. Nikaweka mkono kwenye simenti, ilikuwa ya moto kwa jua. Nikageuka. Baba alikuwa anatabasamu, uso ameuelekeza kidogo pembeni, pale alipodhani nimesimama.

"Haya, binti wa Nestory," mzee Kija akasema. "Nani alinunua?"